Kiapo kwa njia ya kamera: Nani atamtambua mwapaji wa Endulen?

SHERIA ya Tanzania inayosimamia wathibitishaji wa nyaraka na makamishna wa viapo, ambayo ni Sura ya 12 ya sheria zetu, imejengwa juu ya neno moja dogo: mbele. Kiapo hutolewa mbele ya ofisa. Saini huwekwa mbele yake. Naye, kabla ya kugonga mhuri, hutakiwa kuandika kwa ukweli jina lake, mahali kiapo kilipotolewa na tarehe yake. Katika maneno ya uthibitisho yaliyozoeleka mwishoni mwa hati zetu za viapo, ofisa huyo husema pia jambo zito zaidi: kwamba mwapaji anamfahamu yeye binafsi, au ametambulishwa kwake na mtu mwingine ambaye yeye anamfahamu binafsi.

Kwa mkazi wa Arusha mjini neno hilo "mbele" halimsumbui. Anavuka barabara, anapanda ngazi, analipa, anagongewa mhuri. Kwa mkazi wa Endulen, kata ya wafugaji iliyo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, neno hilo ni safari nzima. Makao makuu ya wilaya yake yako Loliondo, mbali upande wa kaskazini. Mawakili wa karibu wako Karatu, nje ya lango la Lodoare, na walio wengi wako Arusha. Mama anayetaka kufungua shauri la mirathi, kijana ambaye jina la cheti chake cha shule halifanani na la kitambulisho, mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, wote hao huhitaji hati ya kiapo, na wote huhesabu nauli kabla ya kuhesabu ada ya wakili.

Ndiyo maana habari ya kuthibitisha saini kwa njia ya mtandao, mwapaji akiwa kwake na ofisa akiwa ofisini kwake, wakionana kwa kamera tu, si anasa ya Wamarekani. Kama kuna mahali ambapo ingepunguza mateso, ni Endulen. Lakini hapo hapo ndipo udhaifu wake unapoonekana wazi kuliko mahali pengine, na ni vema tuutazame kabla hatujaiga.

Jimbo la Virginia nchini Marekani ndilo lililotangulia. Lilipitisha sheria yake mwaka 2011, ikaanza kutumika Julai 2012, na ikaruhusu mthibitishaji wa jimbo hilo kushuhudia saini ya mtu aliye popote duniani. Kwa miaka kadhaa majimbo mengine yalisitasita. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga ofisi mwaka 2020, mlango ulifunguliwa, na sasa majimbo zaidi ya 40 yana sheria ya namna hiyo. Jirani zetu wa Kenya nao, katika mwaka huo huo wa 2020, walirekebisha sheria zao za biashara ili saini ya kielektroniki ikubalike katika mikataba na hati kadhaa ambazo zamani zilitaka wino, ingawa saini ya kielektroniki ni jambo moja na kiapo mbele ya kamera ni jambo jingine.

Je, mthibitishaji aliyeko mbali humtambuaje mtu ambaye hajapata kumwona? Utaratibu wa Wamarekani una tabaka kadhaa zilizopandana.

Kwanza ni kitambulisho chenyewe. Mtia saini hupiga picha pande zote mbili za kitambulisho chake, na programu huzichunguza: alama za usalama zipo au hazipo, maandishi yamepangwa inavyopasa au yamechezewa, taarifa zilizosimbwa nyuma ya kadi zinalingana na zilizochapwa mbele. Baadhi ya mifumo huongeza uso: mtu hujipiga picha, hutakiwa kugeuza kichwa au kupepesa macho ili mashine iridhike kuwa ni mtu hai na si picha iliyoshikwa mbele ya simu, kisha sura hiyo hulinganishwa na ile ya kwenye kadi.

Tabaka la pili ni maswali. Mfumo huchota katika kumbukumbu za mikopo, za makazi, za magari na nyinginezo, ukatunga maswali ambayo inadhaniwa mwenyewe tu ndiye anayeweza kuyajibu: kati ya anwani hizi ipi uliwahi kuishi, mkopo wako wa nyumba ulianza mwaka gani. Kwa kawaida maswali huwa matano, muda ni dakika mbili, na anayekosa zaidi ya moja hurudishwa.

Baada ya hapo ndipo watu wawili hao huonana. Mthibitishaji humwuliza mtia saini kama anaelewa anachokitia saini, na kama anafanya hivyo kwa hiari. Mazungumzo yote hurekodiwa, sauti na picha, na kuhifadhiwa kwa miaka mitano katika baadhi ya majimbo na kumi kwingineko. Hati yenyewe hufungwa kwa saini ya kidijitali inayofichua mara moja iwapo hata herufi moja itabadilishwa baadaye. Kwa upande huu wa kulinda karatasi isighushiwe, lazima tukiri, mfumo huo unaupita mbali mhuri wetu wa mpira.

Udhaifu uko kwenye tabaka la maswali, na Wamarekani wenyewe wameuonja. Mwaka 2015 mamlaka yao ya kodi ililazimika kufunga huduma ya mtandaoni baada ya wahalifu kujibu kwa ufasaha maswali ya namna hiyo na kuchukua kumbukumbu za walipa kodi; hesabu iliyoanzia watu wapatao 100,000 ilifika zaidi ya 700,000 mwaka uliofuata. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax, ambayo ni mojawapo ya ghala kubwa za taarifa za mikopo, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Siri iliyokwisha kuibiwa haiwezi tena kuwa kipimo cha kumtambua mwenyewe. Kamera nayo si mlinzi asiyedanganyika: mapema mwaka 2024 ilijulikana kuwa mfanyakazi wa kampuni moja huko Hong Kong alilipa fedha zipatazo dola milioni 25 za Marekani baada ya kushiriki mkutano wa video ambamo wakubwa wake wote walikuwa sura na sauti za kutengenezwa na kompyuta.

Tanzania haijakaa kando ya mambo haya, ingawa hatujayaita kwa jina hilo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, na Mahakama imekuwa na kanuni za kusikiliza mashauri kwa mtandao tangu mwaka 2021. Kitu kilichotuwezesha zaidi, hata hivyo, ni Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliyoanzishwa mwaka 2008 na ambayo vitambulisho vyake vilizinduliwa na Rais Jakaya Kikwete Februari 2013. NIDA inashika picha, alama za vidole na saini ya mtu, na kumpa namba yenye tarakimu 20.

Watanzania wengi waliijua nguvu ya namba hiyo kati ya Mei 2019 na Januari 2020, pale laini zote za simu zilipotakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole. Tarehe ya mwisho iliyokuwa Desemba 31 ilisogezwa mbele kwa siku 20 na Rais John Magufuli, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Huo ulikuwa ndio uthibitishaji wa mbali kwa vitendo: wakala mwenye kijimashine chini ya mwavuli, kidole cha mteja, na jibu kutoka kwenye hifadhidata iliyo mamia ya kilomita.

Maswali nayo tunayo. Anayefungua akaunti katika mfumo wa usajili wa makampuni wa BRELA huingiza namba yake ya NIDA na kuulizwa mambo yaliyomo katika fomu aliyoijaza siku alipojiandikisha. Anayetafuta namba yake katika tovuti ya NIDA hutaja majina yake, tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama yake. Kwa hiyo, iwapo kesho itaamuliwa kwamba wakili wa Arusha aruhusiwe kumwapisha mtu wa Endulen kwa kamera, vifaa vya kumtambua havihitaji kubuniwa. Vipo.

Tatizo ni kwamba siri ya Marekani si siri ya Endulen. Kule, jina la mama na shule uliyosoma ni mambo ambayo jirani wa ghorofa ya juu hayajui. Katika boma la Kimasai, jina la mama yako linajulikana na kila mtu kuanzia kisimani hadi mnadani. Kijiji chenye shule moja ya msingi kina jibu moja la swali la shule. Majina ya ukoo kama Mollel na Laizer hubebwa na maelfu ya watu. Na tarehe ya kuzaliwa, ambayo mifumo mingi huichukulia kuwa ufunguo, imechapwa wazi kwenye tarakimu nane za mwanzo za namba yenyewe ya NIDA, ile ile ambayo nakala yake tunaiacha kwa mawakala wa simu, nyumba za wageni na maofisa wa mikopo.

Kuna upande wa pili wa shilingi hiyo, nao ni mchungu zaidi. Wapo wazee ambao hawaijui tarehe hiyo. Mzee wa Kimasai akiulizwa umri wake hutaja rika lake, Makaa au Landis au Korianga, na kwa wenzake jibu hilo linatosha kabisa; humweka mahali pake kwa usahihi ambao karani hawezi kuufikia. Karani aliyekuja na fomu alihitaji siku, mwezi na mwaka. Akaandika kitu. Miaka baadaye mashine inamwuliza mzee huyo kile kitu alichokiandika karani, na mzee akikosa, yeye ndiye anayeonekana kuwa si yeye. Hali kadhalika majina: "Ole" huandikwa au kuachwa kwa kadiri ya karani, na jina lililoandikwa kwa "y" shuleni huandikwa kwa "i" zahanati. Vidole vya watu waliokamua ng'ombe na kupasua kuni maisha yao yote navyo wakati mwingine havisomeki.

Hapo ndipo mduara unapokamilika. Mtu ambaye kumbukumbu zake zina kasoro huhitaji hati ya kiapo ili azirekebishe: kiapo cha tofauti ya majina, kiapo cha kuzaliwa. Kiapo cha mtandaoni kinataka kumbukumbu zisizo na kasoro ili kimtambue mwapaji. Anayekihitaji zaidi ndiye atakayekataliwa kwanza. Wenye kitambulisho safi, simu nzuri na majibu sahihi ni wale wale ambao tayari wanaishi hatua chache kutoka ofisi ya wakili.

Haifai hata hivyo kuusifu utaratibu wa sasa kuliko unavyostahili. Si siri kwamba katika miji yetu kuna karatasi zinazosafiri kwa basi, zimekwisha kuwekwa saini au dole gumba, zikapokelewa na karani, zikagongwa mhuri na kurudi zikiwa na maneno mazuri kwamba mwapaji "anafahamika kwangu binafsi", wakati wakili na mwapaji hawajapata kuonana. Mahakama ya Rufani imekuwa kali kuhusu hati zenye kasoro katika maneno ya uthibitisho. Hati isiyotaja mahali au tarehe imekwisha kuwaangusha wengi. Lakini mahakama huona karatasi. Haioni kama kweli kulikuwa na mtu chumbani. Ukilinganisha na udanganyifu huo, kamera inayorekodi ni maendeleo makubwa, na anayeipinga kwa hoja kwamba ana kwa ana ni bora zaidi aseme kwanza ni ana kwa ana ipi anayoizungumzia.

Suala ambalo kamera haiwezi kulimaliza ni la hiari. Usajili wa laini ulitupa somo hapa. Wapo mawakala waliomwambia mteja abonyeze tena, kidole hakijasoma, na kumbe kila mbonyezo ulikuwa laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake na kuuzwa kwa matapeli. Ndiyo sababu wananchi huhimizwa kupiga *106# kuangalia namba zilizo chini ya kitambulisho chao. Mashine haikukosea hata mara moja katika mikasa hiyo. Kidole kilikuwa cha mwenyewe. Ilimtambua mtu, ila haikujua mtu huyo alidhani anakubali nini.

Katika Endulen tofauti hiyo si ya kinadharia. Tangu Juni 2022 Serikali imekuwa ikiendesha mpango wa kuwahamisha wakazi wa Tarafa ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, ikieleza kwamba wanaohama hujiandikisha kwa hiari, na kwamba wanajengewa nyumba na kupewa ardhi na fidia. Hoja yake kuu ni idadi: wakazi waliokadiriwa kuwa 8,000 hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 wamezidi 100,000, na mifugo yao pamoja nao. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Julai 2024, lilipinga kuwa hiari hiyo ni ya kweli, likidai kuwa huduma za afya na elimu zimepunguzwa ili watu walazimike kuondoka. Makala haya hayawezi kuamua ugomvi huo. Yanachoweza kusema ni kwamba ugomvi wenyewe unahusu saini, na wala haubishaniwi kama saini ni ya mtu anayetajwa. Kinachobishaniwa ni hali aliyokuwa nayo alipoiweka.

Tumweke mtu huyo mbele ya simu. Mthibitishaji anauona uso na sehemu ya ukuta. Haoni nani ameketi nyuma ya simu. Anauliza, unafanya hivi kwa hiari yako, na jibu la "ndiyo" linarekodiwa na kutunzwa miaka kumi kama ushahidi. Kwa mwapaji asiyejua kusoma, anayezungumza Kimaa na kuelewa Kiswahili kwa shida, ndiyo hiyo inapitia kinywa cha mkalimani ambaye pengine ndiye aliyemletea karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuitoa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Katika boma la wake watatu, kamera itamwonyesha mmoja, pengine hakuna hata mmoja. Wakili aliyefika bomani kwa miguu yake angalau angewaona wamesimama mlangoni, akauliza.

Uganda walilifikiria jambo hili zamani, kwa namna rahisi ajabu. Sheria yao ya kuwalinda wasiojua kusoma na kuandika inamtaka yeyote anayemwandikia mtu wa namna hiyo hati, aandike katika hati hiyo jina lake kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anahesabiwa kuwa amekiri kwamba aliagizwa kuiandika na kwamba alimsomea mwenyewe. Haina kompyuta wala alama ya kidole. Ina mtu anayeweza kutafutwa.

Jambo la pili ambalo Endulen inatufundisha ni gumu zaidi, na sijaona likijadiliwa vya kutosha. Tunapoitegemea hifadhidata, tunadhani tumeachana na barua ya mtendaji wa kijiji. Hatujaachana nayo. Fomu ya NIDA hugongwa mhuri wa serikali ya kijiji au mtaa kabla ya kupokelewa, na katika wilaya inayopakana na nchi jirani, kama Ngorongoro, Uhamiaji nao huhoji uraia. Maana yake ni kwamba chini kabisa ya kila jibu la "huyu ndiye" linalotoka kwenye mashine iliyo Dar es Salaam au Dodoma, yuko mtendaji au mwenyekiti wa kijiji aliyesema namjua huyu, ni mtu wetu. Mnyororo wote wa kidijitali umefungwa kwenye kigingi hicho kimoja.

Sasa tukumbuke yaliyotokea Agosti 2024. Kwa Tangazo la Serikali Na. 673 la Agosti 2, Waziri wa TAMISEMI wakati huo, Mohamed Mchengerwa, alizifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro, Endulen ikiwamo. Wakazi walilalamika pia kwamba taarifa zao za upigaji kura zilionekana kuhamishiwa Msomera, mahali ambapo hawajahamia. Kuanzia Agosti 18 maelfu waliingia barabarani ndani ya hifadhi. Agosti 22 Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo, na siku iliyofuata Waziri William Lukuvi aliwafikishia wananchi ujumbe kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza huduma zirejeshwe na haki yao ya kupiga kura katika maeneo yao iheshimiwe. Rais mwenyewe alikutana na viongozi wa kimila Desemba 1, 2024, na tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya uhamaji, zilizinduliwa Februari 2025.

Zilikuwa siku 20 kati ya tangazo na amri ya Mahakama. Katika siku hizo, mhuri wa mtendaji wa kijiji kilichofutwa ulikuwa na thamani gani? Kijana aliyetimiza miaka 18 wiki ile, akitaka kujiandikisha NIDA, angegongewa na nani? Ofisi ya mtendaji ni jengo na mtu, vyote viwili vilikuwa bado vipo; kilichoondoka ni mstari katika Gazeti la Serikali. Mfumo wa kuthibitisha watu kwa mbali hauoni jengo wala mtu, unaona mstari. Katika mfumo wa wino, hakimu au wakili anayemfahamu mzee wa Endulen kwa sura angeendelea kumfahamu hata kama kata imefutwa. Mashine ingesema tu kwamba taarifa hazilingani.

Si hoja ya kuikataa teknolojia. Ni hoja ya kutoiacha peke yake, na ajabu ni kwamba njia ipo katika sheria za wale wale waliotutangulia, na katika yetu. Virginia haikufuta utaratibu wa kumtambua mtu kwa kumfahamu. Mthibitishaji wa mtandaoni anaweza bado kumtambua mtia saini kwa sababu anamjua mwenyewe, au kwa kiapo cha shahidi anayeaminika. Ni kile kile kifungu chetu cha "ametambulishwa kwangu na fulani ambaye namfahamu binafsi", kikiwa kimevaa nguo mpya. Wamarekani hukitumia kwa nadra kwa sababu wana kumbukumbu za mikopo. Sisi, katika maeneo kama Endulen, tungekifanya kuwa njia kuu.

Maana yake kwa vitendo ni hii. Mwapaji asiapishwe akiwa peke yake na simu. Aketi katika ofisi ya kata, shuleni au hospitalini, pembeni yake akiwa na shahidi anayemfahamu na anayefahamika kwa ofisa: laigwanan, mwalimu mkuu, muuguzi, katekista. Shahidi huyo aape kwanza yeye, kwa jina lake na kitambulisho chake, kwamba mtu huyu ni fulani, kwamba amesomewa hati kwa lugha anayoielewa, na kwamba watu waliomo chumbani ni hawa na hawa. Kamera izungushwe chumba kizima kabla ya saini. Mkalimani asiwe mtu mwenye maslahi katika hati. Pale ridhaa ya mwenzi inapohitajika, mwenzi awepo katika picha ile ile. Shahidi akidanganya, kuna mtu wa kushitakiwa, na yuko kijijini, si kwenye seva.

Sharti jingine lihusu rekodi. Video ya mtu akiapa, uso wake, kidole chake na mambo ya ndani ya familia yake ni taarifa binafsi kwa maana kamili ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Haifai ikae kwenye simu ya wakili, wala katika mtandao wa kutumiana ujumbe ambako nakala za vitambulisho tayari zinazagaa. Anayeshindwa kuitunza asiruhusiwe kuapisha kwa njia hiyo. Ni bora mawakili wachache wenye uwezo huo kuliko wote kuwa nao kwa jina.

Gharama haziepukiki. Mawasiliano ndani ya hifadhi ni ya kubahatisha katika maeneo mengi, na kiapo kinachokatika katikati si kiapo, kianze upya. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukifadhili minara ya vijijini, na ofisi ya kata yenye intaneti ya uhakika na meza moja isingekuwa mzigo wa kuishinda halmashauri. Nauli ya kwenda na kurudi Karatu kwa mwapaji na shahidi wake, chakula na pengine malazi, ni fedha ambazo leo zinalipwa na mtu anayeuza mbuzi ili apate mhuri.

Limebaki lile la mahali. Ofisa anatakiwa aandike kwa ukweli ni wapi kiapo kimetolewa. Wakili akiwa Arusha na mwapaji akiwa Endulen, ukweli ni sehemu mbili, na fomu zetu zina nafasi ya sehemu moja. Wapo watakaosema ni mahali alipo ofisa, kwa kuwa mamlaka ni yake. Lakini anayefunga nafsi yake kwa maneno hayo, anayeweza kwenda jela kwa uongo wake, ni mwapaji, na shahidi aliyemtambua yuko naye. Bunge likija kuifungua Sura ya 12 kwa ajili ya kamera, litaje zote mbili, na jina la kijiji liandikwe kama mwapaji alivyolitaja mwenyewe siku hiyo, hata ikiwa mfumo haulioni.